Halloween mwaka huu tunaenda Edinburgh

Mwezi wa kumi ukianza tu huku Uingereza maboga yanajaa madukani kwa ajili ya Halloween, sikukuu ya mambo ya kutisha ya mwisho wa mwezi huo, na mdogo wangu anaanza kunitumia linki moja baada ya nyingine, safari hii anataka wikiendi nzima kwenye mji wa kutisha kisawasawa, na kazi ya kuchagua mji akanipa mimi kwa sababu ndo mpenda historia wa familia. Nimeifanya kwa moyo wote. Watoto wakishalala nakaa na simu nasoma mji mmoja mmoja, na kiukweli sikutegemea kama uamuzi wa wikiendi tu ungenigusa hivi.

Tulianza na Paris. Chini ya ule mji kuna mapango yaliyojazwa mifupa ya watu wanaokadiriwa kufika milioni 6, walianza kuihamishia huko 1786 kwa sababu makaburi ya katikati ya mji yalikuwa yamefurika na wakazi wa jirani hawavumilii tena. Unashuka ngazi 131 unakuta mafuvu yamepangwa ukutani kwa ustadi. Nimeangalia picha zake muda mrefu, ila nilichokosa ni mtu, yaani milioni 6 wote hao na huwezi kumnyooshea kidole hata mmoja ukasema huyu alikuwa fulani.

Salem huko Marekani nilikataa haraka, na sio nauli peke yake. Mwaka 1692 watu 19 walinyongwa pale kwa kesi za uchawi na mzee Giles Corey akakandamizwa kwa mawe mpaka akafa kwa sababu alikataa kujibu mashtaka. Sasa mimi natoka nchi ambayo bibi vizee wa Shinyanga na Mwanza wameuawa kwa kuitwa wachawi, wengine kosa lao ni macho kuwa mekundu, macho yaliyoungua na moshi wa kuni miaka yote. Siwezi kuvaa kofia ya mchawi nikapiga picha mahali kama hapo. Wanaoweza waende, mimi moyo wangu haupo.

Derry, Ireland ya Kaskazini, ilibaki kidogo ishinde. Halloween kwao ndo nyumbani, inatokana na Samhain, sikukuu ya Waselti, watu wa kale wa huko, ya kufunga mavuno na kuingia majira ya giza, na kabla ya maboga kuvuma Waairishi walikuwa wanachonga sura kwenye tanipu, mboga ya mzizi mnene. Mji mzima unatoka barabarani umevaa, na kuta zake zilizojengwa kati ya 1613 na 1619 bado zimesimama unaweza kutembea juu yake ukauzunguka mji wa zamani wote. Mdogo wangu alishaanza hadi kutafuta hoteli.

Afu nikasoma habari za Margaret Docherty.

Ngoja nieleze vizuri. Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, miaka ya 1820 ilikuwa na sifa kubwa ya kufundisha udaktari, wanafunzi wengi, maiti za kujifunzia hazitoshi, maana sheria iliruhusu miili michache sana, hasa ya wauaji walionyongwa. Ndo maana makaburini Greyfriars mpaka leo utaona vizimba vya chuma vimefunika kaburi, ndugu waliviweka marehemu wao asifukuliwe usiku akauzwe. William Burke na William Hare, Waairishi wawili waliokuja Scotland kutafuta kibarua, hawakuhangaika hata kufukua. Mwishoni mwa 1827 mpangaji wa Hare alikufa kwa ugonjwa akiwa na deni la kodi, wakamuuza kwa Dk. Robert Knox, mwalimu wa udaktari, wakapata zaidi ya pauni 7, wakaonja hela, na kuanzia hapo wakawa wanaua. Watu 16. Wanawalewesha afu wanawaziba pumzi, mwili unabaki hauna alama.

Docherty ndo wa mwisho, na aliuawa usiku wa tarehe 31 Oktoba 1828. Usiku wenyewe wa Halloween.

Alikuwa mama wa makamo kutoka Ireland, amekuja Edinburgh kumtafuta mwanawe, asubuhi ile akaingia dukani kuomba chochote cha kula. Burke akamsikia lafudhi. Akamuuliza jina, akamwambia wee, mama yangu mimi pia ni wa ukoo wa Docherty, kumbe sisi ndugu, njoo nyumbani unywe chai. Akamfuata.

Hapo niliweka simu chini. Sisi tunaoishi huku tunajua hiyo hali. Umechoka, mvua, basi limejaa watu hakuna anayekuangalia usoni, ghafla nyuma yako mtu anasema "jamani baridi ya leo" kwa Kiswahili, unageuka, wa wapi wewe, wa Tanga, Tanga ipi, Ngamiani, ah mbona shangazi yangu yuko Ngamiani, na kabla hujashuka mmeshapeana namba na Jumapili unaenda kula pilau kwake. Mimi mwaka wangu wa kwanza hapa niliishi kwa watu wa namna hiyo, walinipa koti, walinionyesha daktari, nawaombea mpaka kesho. Mlango huohuo ndo Burke aliupitia. Hakuna pango wala mzimu uliowahi kunitisha hivyo.

Na waliomfichua pia walikuwa watu wa hali ya chini. Ann na James Gray, mke na mume waliokuwa wamepanga kwa Burke, usiku ule wakahamishwa kupisha "mgeni", kesho yake Ann akawa anakatazwa kusogelea kitanda, akatilia shaka, walipobaki peke yao wakapekua majani ya kitanda wakakuta maiti ya Docherty. Wakaahidiwa pauni 10 kwa wiki wanyamaze, hela ambayo watu kama wao hawakuwahi kuishika. Wakakataa, wakaenda polisi. Burke alinyongwa tarehe 28 Januari 1829 mbele ya maelfu ya watu, Hare aliachiwa kwa sababu alitoa ushahidi dhidi ya mwenzake, na Knox hakushtakiwa kabisa, jambo ambalo linanichoma hadi sasa. Sheria ya kuwapatia madaktari miili kwa njia halali ikaja 1832.

Nikampigia mdogo wangu nikamsimulia yote. Kimya kidogo, afu akasema, "Dada, basi tukaone mifupa ya Burke, si ipo chuo kikuu?" Ipo kweli, hakimu aliamuru mwili wake upasuliwe na mifupa ihifadhiwe. Nikamwambia hapana, huyo ameangaliwa vya kutosha. Tukabishana sana. Mwisho tumekubaliana kama anataka ataenda siku nyingine bila mimi.

Mama naye katuma voisi kutoka Tanga, ndefu, kwamba usiku huo tusome dua zetu na makaburini tusiingie bila kutoa salamu, wenyewe wanasikia. Nitafanya hivyo Greyfriars, tena mchana, maana Edinburgh siku hiyo jua linazama kama saa kumi na nusu jioni.

Kwa hiyo mpango uko hivi. Tukitoka Greyfriars tunashuka Grassmarket mpaka West Port, mtaa alioletwa mama Docherty, tutautembea polepole na nitawahadithia watoto wakubwa habari ya Ann Gray, ya Burke nitaipitia juu juu. Ziara ya usiku ya kwenye vyumba vya chini ya daraja la South Bridge mdogo wangu ameshika yeye, tiketi kalipa yeye, na nimemwahidi nitashuka naye. Afu tutaangalia tamasha la Samhuinn, ndo Samhain hiyohiyo, ngoma na moto, mfalme wa kiangazi anapigana na mfalme wa baridi na anashindwa. Watoto wanataka hiyo tu, na wameshachagua viatu vya kukimbilia.