Famasi: kazi ya kushuku kabla ya kutoa

Bukavu, siku ya yenga, jioni

Matokeo ya egzeta, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yakitoka, swali ni moja Ibanda, Kadutu hadi Bagira: huyu aliyesoma biolojia na kemia aandikishwe wapi? Familia nyingi zina jibu tayari: udaktari. Ikishindikana, uuguzi kule ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, au labo. Famasi hutajwa mwisho, na anayeitaja huwa anawaza kaunta, rafu za vioo na droo ya pesa. Mimi ningeitaja kwanza, ila si kwa kila mtu.

Wengine huichagua kwa kuogopa damu. Hofu hiyo haitamvusha mtu kwenye kemia ogani. Daktari anatafuta mgonjwa ana nini. Muuguzi ndiye anayekaa naye usiku na mchana, na kazi yake ni nzito kuliko zote. Mfamasia anahangaika na dawa yenyewe: ndani mna nini hasa, kiasi gani, imepita kwenye joto gani, na itakutana na nini ikishamezwa. Asiyeguswa na maswali hayo atachoka mapema.

Mji wetu una uhusiano wa zamani na maswali hayo. Kwinini, dawa ya malaria, ilitengwa kutoka gome la mti wa sinkona mwaka 1820 na Pelletier na Caventou, wafamasia wawili wa Paris. Sinkona ilipandwa pia katika vilima vya Kivu, na kiwanda cha Pharmakina kiko hapa hapa Bukavu. Kanuni ya kuitoa ni hii: gome hukaushwa, husagwa, huchanganywa na chokaa ili kwinini iachane na asidi zinazoishikilia, kisha huvutwa kwa kiyeyushi. Asidi ya salfa huirudisha kwenye maji ikiwa chumvi, na chumvi hiyo hutengeneza fuwele. Ukikosea kipimo cha asidi, unapata fuwele chache au fuwele zilizochanganyika na alkaloidi nyingine, yaani kemikali za gome zinazofanana na kwinini. Kijana anayesoma mistari hii na kujiuliza kwa nini chokaa na si magadi, huyo namtakia famasi. UOB, chuo kikuu cha serikali cha hapa Bukavu, ina kitivo cha tiba na famasi, kwa hiyo hata hana haja ya kuvuka ziwa.

Wodini hesabu hubadilika. Kwa malaria kali, kwinini ya mshipani huanza na mg 20 kwa kila kilo, ikitiririka saa 4 ndani ya seremu ya glukozi, halafu mg 10 kwa kilo kila baada ya saa 8. Ikikimbizwa, presha huanguka. Hata ikienda taratibu inaweza kushusha sukari ya damu, ndiyo maana glukozi iko pale. Utafiti wa AQUAMAT uliochapishwa 2010, wenye watoto 5 425 katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwemo, ulionyesha vifo 8,5% kwa artesunati, dawa nyingine ya sindano ya malaria kali, na 10,9% kwa kwinini. Kwa mji unaotengeneza kwinini habari hiyo si tamu, lakini mfamasia hafungi ndoa na dawa.

Artesunati nayo ina mitego yake. Chupa ya mg 60 huyeyushwa kwanza kwa ml 1 ya bikabonati ya sodiamu ya 5%, hutikiswa mpaka iwe angavu, ndipo huongezwa ml 5 za seremu ya chumvi. Kila ml sasa ina mg 10. Mtu wa kilo 50, kwa mg 2,4 kwa kilo, anapata mg 120: ml 12, chupa mbili kamili. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa mg 3 kwa kilo, hivyo mwenye kilo 8 anapata ml 2,4. Kwa sindano ya msuli, seremu ya chumvi huwa ml 2 badala ya 5, na kila ml inabeba mg 20. Anayechanganya kwa ajili ya msuli halafu akavuta kwa hesabu ya mshipa amempa mtoto dozi mara mbili. Na kilichobaki hakiwekwi pembeni kusubiri dozi ya saa 12 baadaye. Myeyusho ukipita saa moja hutupwa. Nani aandike hayo kwenye karatasi na kuibandika ukutani, mbele ya macho ya muuguzi wa zamu? Kazi ni ya mfamasia, na inapofanyika vizuri hakuna anayeiona.

Kwenye kaunta mambo yanaonekana mepesi. Chukua vidonge vya malaria vya artemeta-lumefantrini, mg 20 za ya kwanza na mg 120 za ya pili: mtu wa kilo 35 na zaidi humeza vidonge 4 mara sita, jumla 24, saa ya 0, 8, 24, 36, 48 na 60. Wauzaji wengi husema tu “asubuhi na jioni, siku tatu”. Aliyeanza saa mbili usiku atameza dozi ya pili saa mbili asubuhi, badala ya saa kumi alfajiri. Lumefantrini pia inahitaji mafuta ili iingie mwilini: maziwa, karanga, sambaza za kukaanga. Chai kavu haisaidii. Akitapika kabla ya saa moja kuisha, dozi hiyo inarudiwa, na maana yake ni kwamba anahitaji vidonge vya ziada. Hapo muuzaji asiyesoma anaona tu mteja anayedai vya bure.

Amoksisilini ya unga kwa watoto: gonga chupa unga uachane, tia nusu ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tikisa, acha povu litulie, ndipo ujaze hadi alama. Ukijaza juu ya povu, maji yamepungua na dawa imekuwa kali. Na kabla ya yote soma kama ni mg 125 au mg 250 kwa ml 5, kwa sababu chupa hizo zinafanana kama mapacha.

Sehemu ninayoipenda mimi ni depo, yaani ghala la dawa, ambako wanafunzi huingia wakiburuta miguu. Chukua dawa iliyotoka vidonge 4 800 kwa miezi 6, lakini mwezi mmoja rafu ilikuwa tupu. Ukigawanya kwa 6 unapata 800 kwa mwezi. Kumbe unatakiwa kugawanya kwa 5: ni 960. Ukitaka akiba ya miezi 3 na una 700 mkononi, unaagiza 2 180. Kwa hesabu ya kwanza ungeagiza 1 700, na dawa ingekatika nusu mwezi kabla. Baya zaidi, fishi ya stoki, yaani kadi inayoandikwa dawa zinazoingia na kutoka, ingeonyesha kwamba watu wametumia kidogo, na oda inayofuata ingepunguzwa tena. Uhaba wa namna hiyo huzaliwa kwenye kalamu, barabara ikiwa nzima na pesa zikiwepo.

Joto halionekani kwenye fishi. Bukavu iko juu, mita kama 1 500, hewa ni ya ubaridi na watu hujisahau. Katoni ile ile ikiteremka bondeni kuelekea Uvira inaingia tanurini. Oksitosini, sindano ya kuzuia damu baada ya kujifungua, inataka 2 hadi 8 °C. Ikiharibika hubaki maji meupe vile vile, na mama anayevuja damu baada ya kujifungua ndiye anayegundua. Insulini, kinyume chake, huuawa na barafu iliyoigusa.

Jicho peke yake halitoshi. Mwaka 2015, kule Ituri, vidonge vilivyoandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza, vilikutwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Mamia ya watu walipinda shingo na uso, na mwanzoni ikadhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Jibu lilitoka kwenye vipimo vya maabara. Mfamasia wa kawaida hana maabara, lakini anaweza kulinganisha loti, yaani namba ya toleo, ya kopo na ya katoni, kudai karatasi za mahali dawa ilikotoka, na kukataa bei iliyo chini mno.

Kukataa huko ndiko kunakogharimu. Mwenye famasi anataka mauzo, na jirani anauza antibiotiki tatu tatu bila ordonansi, karatasi ya daktari. Mgonjwa akipona anamshukuru Mungu na dokta wake. Anayehitaji kusifiwa ili afanye kazi aende wodini, na simsemi vibaya.

Kwa aliyebaki anasitasita kabla ya kulipa ada: aombe siku chache katika famasi ya hospitali, ahesabu rafu moja kidonge kwa kidonge, alinganishe na fishi, kisha atafute tofauti imetoka wapi. Akiifuatilia tofauti hiyo hadi saa ya chakula ipite, aandike famasi kwenye fomu.