Reli ya kibaraza ilivyonifanya fundi kwa lazima

Anayesema "piga rangi juu yake, itashika" aje Rau, hapa Moshi, aone reli ya mbao ya kibaraza cha mama. Mwaka jana fundi aliniambia hivyo, tena kwa sauti ya mtu aliyezeekea kazini, nami nikampa hela. Ilikuwa Machi mwishoni, mawingu yameshaufunika mlima. Kufika Mei rangi imetoka malengelenge, ukibonyeza moja maji yanachuruzika. Mbao ilikuwa imelowa, sisi tukaivisha koti.

Mwaka huu nikasubiri Septemba, nikasema naifanya mwenyewe. Mimi nimesomea uhasibu, bisibisi nilikuwa naijua kwa sura tu.

Ila bisibisi ndiyo iliyonionyesha ugonjwa. Mbao ya juu ya kushikia nilichoma, haikuingia. Chini, vijiti vinapokaa kwenye mbao ya chini, iliingia kama kwenye ndizi mbivu. Maji hutuama pale, na ncha ya mbao iliyokatwa inakunywa maji kuliko ubavu wake. Vijiti sita vilikuwa vimeoza miguu.

Sasa aibu yangu. Jirani alinishauri nichanganye unga wa msumeno na gundi nyeupe ya seremala nizibe matobo. Nikakoroga, nikajaza, nikasawazisha kwa kisu cha mkate, nikapiga picha nikamtumia kaka yuko Dar. Usiku ule mvua isiyo na msimu ikashuka. Asubuhi nakuta uji unatiririka mpaka kwenye ngazi na kuku wa mama wanaudonoa. Gundi ile ni ya ndani, haiiwezi mvua kabisa. Mama akasimama mlangoni: "Mwanangu, umewapikia?" Kaka hadi leo hajapata picha ya pili.

Basi vijiti sita nikapeleka kwa seremala Majengo, akachonga vipya kwa mbao kavu. Mbichi usikubali hata akuapie, itasinyaa na kulegea. Matobo madogo nilikwangua uozo wote mpaka mbao ngumu, nikaziba kwa ile gundi ya mirija miwili ya kuchanganya. Na kabla ya kupigilia, ncha zote nilizipaka praima, ile rangi ya kwanza ya kutangulia, juu na chini.

Kuna jambo nalotembea nalo kifua mbele: msasa. Vijiti vyetu ni vya duara, vina shingo na viuno, na msasa wa karatasi unachanika ukifika kwenye kiuno cha pili. Nikabandika selotepu pana ya maboksi mgongoni mwa msasa, nikaukata utepe mwembamba, nikauzungusha kijiti na kuvuta huku na huku kama mtu anayejifuta mgongo kwa taulo. Hauchaniki! Msasa namba 80 wenye chembe kubwa kwanza, halafu 120 ulio laini zaidi. Rangi ya zamani niliikwangua ikiwa na unyevu, pua nimeziba, watoto nimewafukuza, maana rangi za enzi za baba zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Gharama sikuandika, mhasibu mzima. Elfu sabini, labda themanini ukiweka soda za seremala.

Praima imekauka tangu juzi. Mama anataka kijani kile kile cha baba, mimi nataka nyeupe. Praima haitakiwi kukaa juani muda mrefu bila rangi, kwa hiyo wiki hii lazima mmoja wetu ashindwe, na kopo la kijani nimeshaliona chini ya kitanda chake.