Jinsi Nilivyomtambua Mkizi wa Mdomo wa Lukuledi

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika mavuno ya kikundi chetu cha wavuvi hapa Lindi, na muda wote huo kila mkizi aliyepita kwenye mizani aliingia daftarini kwa jina moja la kisayansi, Mugil cephalus, kwa sababu mtaalamu mmoja alitueleza kwamba mikizi wote wa pwani hii ni hao hao. Ushauri huo uliniudhi tangu siku ya kwanza. Spishi hiyo, iliyopewa jina na Linnaeus mwaka 1758, huweza kufikia urefu wa mita 1, ilhali wengi wa wanaotoka kwenye mikoko ya mdomo wa mto Lukuledi hawafiki hata nusu yake. Kwa hiyo mtu akisoma daftari letu ataamini kwamba tunavua vifaranga watupu, na lawama zitatushukia bure.

Nilianza kwa kulinganisha rangi na picha, na sikupata kitu, kwani mkizi akishakaa kwenye barafu hupauka na wote hufanana. Nikageukia magamba. Huhesabiwa kwa safu moja ya ubavuni, kuanzia nyuma ya kifuniko cha shavu hadi shina la mkia. Nilinunua mikizi wanne sokoni, wakanigharimu kama shilingi elfu kumi hivi, nikakaa nao barazani tangu adhuhuri hadi mwanga ukafifia. Samaki yule yule alinipa 27, kisha 34, kisha 30! Jarife, yaani wavu wa kutega unaonasa samaki, lilikuwa limemkwangua ubavu mzima, na kila jicho lilipopepesa nilipoteza mahali nilipofikia.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Kitunda anayevua kwa kimia, yaani wavu wa kurusha kwa mkono. Nilipomwamkia na kumweleza shida yangu, alisema, "Mjukuu wangu, samaki wa jarife amekwisha kuvuliwa nguo. Njoo alfajiri nikupe aliye mzima." Akanipa pia miiba ya mlimau, na hiyo ndiyo hila ninayojivunia kuliko zote: kila baada ya magamba 10 nilichomeka mwiba mmoja, nikasonga mbele bila hofu ya kupotea. Nilihesabu mara nne na mara zote nikapata 32. Mugil cephalus huwa na 36 au zaidi.

Sikutosheka na hesabu peke yake. Mugil cephalus ana utando mnene wa mafuta unaofunika jicho na kuacha mwanya mwembamba tu juu ya mboni. Wangu alikuwa na jicho wazi, na nilipopitisha ncha ya kidole pembeni mwake nikagusa utando mdogo sana ukingoni. Kisha nikachukua njiti ya chelewa, nikainua pezi la kifuani na kulichokonoa shina lake kwa juu, mahali ambapo Mugil cephalus huwa na gamba refu lililochongoka, lenye urefu wa karibu theluthi ya pezi. Halikuwapo. Pezi la nyuma ya mkundu lilikuwa na miiba 3 na mishipa laini 9, wakati Mugil cephalus akikomaa huwa na mishipa 8. Mkizi mwenye mapezi meusi ya kifuani na mkia uliokatika wima, yaani Ellochelon vaigiensis, hana haja ya taabu yote hii, kwani huonekana kwa mbali.

Basi kwa alama hizo zote wetu ni Planiliza macrolepis, aliyeelezwa na Andrew Smith mwaka 1846, na jina lake la pili maana yake ni magamba makubwa. Vitabu vya zamani humwita Liza macrolepis. Ni samaki huyo huyo, aliyehamishiwa jenasi nyingine, yaani kundi jingine la spishi zinazokaribiana, baada ya ukoo wa mikizi kuchunguzwa upya kwa vinasaba, kwa hiyo ukikuta majina yote mawili usidhani ni spishi mbili. Sasa daftari letu lina safu mbili za mikizi, na mfuko wa miiba ya mlimau unaning'inia kando ya mizani.