Duka moja mjini: nunua kwa kufuata gari la mzigo

Mji ukiwa na duka moja tu la vyakula, ratiba ya manunuzi haipangwi na njaa wala na mshahara. Inapangwa na gari la mzigo. Mwenye kuijua siku ya gari hilo hula vizuri kwa pesa ileile ambayo jirani yake anainunulia mboga zilizonyauka.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya chochote, muulize mwenye duka mzigo unaingia siku gani na unamalizika kupangwa saa ngapi. Hayo ni maswali mawili tofauti. Gari likishusha jioni, bidhaa nyingi hulala stoo na kupandishwa kwenye rafu kesho yake asubuhi. Uliza pia kama ni gari moja au zaidi. Mara nyingi mkate na maziwa huletwa na msambazaji mmoja, mboga na matunda na mwingine, na vitu vikavu hutoka kwa muuzaji wa jumla kwa siku yake. Ukishazijua siku zote tatu, ziandike na uzibandike kwenye mlango wa friji.

Saa nzuri ya kwenda ni muda mfupi baada ya kupanga kwisha. Usiende wakati wa kushusha: njia zimezibwa na makatoni, mboga bado ziko kwenye kreti, na maziwa yanasubiri sakafuni yaingizwe kwenye friji. Siku moja kabla ya mzigo ndiyo mbaya kuliko zote kwa uchaguzi, ingawa kama duka lina desturi ya kushusha bei ya vinavyokaribia kuharibika, ndiyo siku ya kuvipata. Mkate wa siku hiyo unafaa kabisa kugandishwa.

Kiasi cha kununua hupatikana kwa hesabu ndogo. Chukua matumizi ya siku moja, uzidishe kwa siku zilizopo kati ya mzigo na mzigo ukijumlisha siku unazodhani gari linaweza kuchelewa. Tuseme mnatumia gramu 300 za unga kwa siku, gari huja kila baada ya siku 7, na barabara ikiharibika huchelewa hadi siku 3. Hiyo ni mara 10, yaani kilo 3. Siku ya mzigo ukikuta nyumbani zimebaki gramu 900, nunua kilo 2 na gramu 100. Kwa kuwa pakiti hazipimwi hivyo, chukua kilo 2 na nusu. Fanya hesabu hii kwa vitu vinane au tisa ambavyo nyumba haiwezi kukaa bila navyo. Vingine viache viishe, hakuna atakayeumia.

Hesabu hiyo haifanyi kazi kwa vinavyooza, na hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Hakuna maana ya kubeba maziwa mabichi ya siku 10. Beba ya siku tatu au nne, halafu zilizobaki uzifidie kwa maziwa ya unga au yale ya boksi yaliyopitishwa kwenye joto kali, ambayo hukaa miezi bila friji mradi boksi halijafunguliwa. Likishafunguliwa ni maziwa kama maziwa mengine: friji, na yaishe ndani ya wiki. Mboga nazo zipange kwa zamu ya kuliwa. Majani huanza, kwa sababu hata kwenye friji ni siku 3 hadi 5 tu. Zinafuata nyanya na pilipili hoho. Kabichi na karoti zinaweza kusubiri wiki kadhaa, na vitunguu na viazi ndivyo vya kufungia kazi. Anayeanza wiki kwa kupika kabichi huku mchicha uko ndani atautupa mchicha.

Hifadhi ina adui mmoja asiyeonekana: gesi ya ethilini. Ndizi, tufaha, parachichi na nyanya zinapoiva huitoa, na majani, matango na karoti vikikaa karibu nayo huharibika mapema. Vitenganishe. Viazi na vitunguu pia visilale kikapu kimoja, vyote vinadumu zaidi vikiwa mbalimbali, mahali pakavu penye hewa na giza. Kiazi kilichogeuka kijani ukikiona dukani kiache hapohapo. Ukijani wenyewe hauna ubaya, lakini ni alama kwamba kimekaa kwenye mwanga, na mwanga huohuo huongeza solanini, sumu yenye ladha chungu ambayo haiondoki kwa kuchemsha.

Kusoma rafu

Mpangaji wa rafu mwenye nidhamu huweka mzigo mpya nyuma na wa zamani mbele. Ukitaka maziwa ya kukaa nayo siku nne, ingiza mkono nyuma. Ukitaka ya kunywa leo, chukua ya mbele. Si wema tu huo: kila pakiti inayoharibika hurudi kwenye bei ya zile zinazobaki, na katika duka moja wanunuzi ni nyinyi kwa nyinyi.

Tatizo kubwa la duka la mji mdogo ni vitu vinavyotoka polepole. Viungo, hamira, baking powder, unga wa nafaka isiyokobolewa, karanga na mbegu vinaweza kukaa kwenye rafu muda mrefu kuliko unavyofikiri, na tarehe ya pakiti ikawa bado haijafika. Vumbi juu ya kifuniko ni ushahidi mzuri kuliko maandishi. Unga usiokobolewa huchacha kwa sababu kiini cha nafaka kina mafuta. Ukiunusa ukakuta harufu kama ya rangi au mafuta ya zamani, umekwisha. Baking powder ipime nyumbani: kijiko kimoja cha chai ndani ya nusu kikombe cha maji ya moto. Isipochemka povu papo hapo, keki haitapanda. Hamira kavu itie kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 40 hivi pamoja na kijiko cha chai cha sukari. Baada ya dakika 10 inapaswa kuwa na povu zito juu. Maji ya moto sana huiua, ukaishia kulilaumu duka bure.

Tarehe zenyewe zisomwe kwa akili. Neno “tumia kabla ya” linahusu usalama, hasa kwa nyama, samaki na maziwa, na halina mjadala. “Bora kabla ya” linahusu ladha na ubora. Tambi zilizopita mwezi mmoja hazitakudhuru. Maziwa ya unga ya watoto wachanga ni jambo jingine: yakipita tarehe usinunue hata ukipewa nusu bei, kwa kuwa virutubisho vyake havihakikishwi tena. Angalia pia mpangilio wa namba. Pakiti yenye 03/04 inaweza kumaanisha tarehe 3 mwezi wa 4 au mwezi wa 3 tarehe 4, kutegemea ilikotengenezwa. Tafuta pakiti nyingine ya aina hiyohiyo yenye namba iliyozidi 12 na utajua siku imeandikwa upande gani.

Mafuta ya kupikia yaliyopangwa dirishani, kwenye chupa angavu, yaache. Mwanga huyachachisha. Makopo yaliyovimba, yanayovuja au yaliyobonyea kwenye mshono wa juu, wa chini au wa ubavuni usiyaguse, kwa sababu mshono ukifunguka hata kidogo bakteria huingia, na miongoni mwao wamo wale wa sumu ya botulini, ambayo haina harufu wala rangi. Kibonyeo kidogo cha katikati ya kopo, mbali na mshono, hakina neno. Kutu inayofutika kwa kidole pia si shida.

Pakiti za unga, mchele na maharage ziinue kwenye mwanga, utazame pembe za chini. Nyuzi kama za buibui, unga uliogandamana au vumbi laini chini ya nafaka ni dalili ya wadudu. Hata pakiti safi inaweza kuwa na mayai yao, na ndiyo maana unga wa akiba ni vizuri ukae kwenye friza siku 4 kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, halafu utolewe na uachwe upate joto la chumba ukiwa bado umefungwa. Ukiufungua ungali baridi, unyevu wa hewa utaganda juu yake na utakuwa umeondoa mdudu ukaleta ukungu.

Mayai: fungua trei, liguse kila moja kwa kidole ulizungushe kidogo. Lisilozunguka limepasuka chini na kunata. Yaliyokuwa kwenye friji ya duka yaingie kwenye friji ya nyumbani, kwa sababu yai baridi likiachwa mezani hutoa jasho, na jasho hilo husaidia bakteria kupenya ganda.

Friji na friza za duka

Hapa ni pa kukagua kuliko pengine popote, maana duka la pekee mara nyingi lina mashine moja tu ya kila aina, na ikilegea hakuna pa kuhamishia bidhaa. Tafuta kipimajoto. Friji inapaswa kusoma nyuzi 4 au 5 au chini ya hapo. Friza, nyuzi 18 chini ya sifuri. Friza ya kulala, ile iliyo wazi juu, ina mstari ndani ya kuta zake unaoonyesha mwisho wa kujaza. Pakiti zilizorundikwa juu ya mstari huo hazipati hewa ya baridi ipasavyo, hata kama kipimajoto kinasoma vizuri chini. Chukua za chini.

Njegere zilizogandishwa zinapaswa kucheza ndani ya mfuko. Zikiwa bonge moja, ziliyeyuka zikagandishwa tena. Barafu nyingi ndani ya pakiti ya nyama au samaki, au maji mekundu yaliyoganda pembeni, yanasimulia habari hiyohiyo. Ikiwa umeme ulikatika usiku, uliza ulikatika kwa saa ngapi. Friji iliyofungwa huhifadhi baridi kama saa 4. Friza iliyojaa na kufungwa, saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, 24. Mwenye duka mkweli atakujibu bila kuona haya, na jibu lake lina thamani kuliko tarehe zote za rafuni.

Vya baridi vichukuliwe mwisho kabisa, vikae pamoja kwenye mfuko mmoja, maana vinatunziana baridi.

Bei, na kuagiza kisichokuwepo

Bei ya duka la pekee huwa juu, na mara nyingi sababu si tamaa. Duka dogo huagiza kidogo, kwa hiyo halipati punguzo la jumla; gharama ya gari hugawanywa kwa katoni chache; na kinachooza hakina duka dada la kupelekwa. Tamaa nayo ipo kwingine, siikatai. Njia ya kujilinda ni kugawa bei kwa uzito. Pakiti ya gramu 400 ikiuzwa 100, na ya kilo moja ikiuzwa 260, ndogo ni nafuu: 25 kwa kila gramu mia dhidi ya 26. Kubwa si nafuu siku zote, hasa moja ikiwa imetoka kwenye mzigo wa zamani na nyingine kwenye mzigo uliopanda bei.

Kama unataka kitu ambacho duka halina, elewa kwanza kinachomzuia mwenye duka. Yeye hanunui kopo moja. Hununua katoni, ambayo mara nyingi ina 6, 12 au 24. Ukiomba moja ya katoni ya 12, unamwachia 11 za kuhangaika nazo. Nenda na ahadi ya kuchukua nusu, au na majirani wawili wanaotaka kitu hichohicho, na ulipe kitangulizi. Mpe picha ya pakiti inayoonyesha jina, uzito na namba iliyo chini ya mistari ya skana, kwa sababu muuzaji wa jumla hutafuta kwa namba. Mwambie kabla ya siku yake ya kuagiza, ambayo si siku ya mzigo: mara nyingi hutangulia kwa siku moja au mbili.

Wakati wa kusubiri, baadhi ya vitu vina mbadala. Mapishi yakitaka maziwa ya mgando, tia kijiko kimoja cha chakula cha siki au maji ya limau kwenye kikombe, jaza maziwa hadi mililita 240, uache dakika 5 hadi 10. Kwa kuokea yanafaa, kwa kunywa hayapendezi.

Kila unachonunua au kukiacha ndicho kinachoandika oda ya wiki ijayo. Wateja wakihamishia manunuzi makubwa mji wa mbali na kuacha maziwa na mboga tu kwa duka la karibu, gari halijazi, na safari hupunguzwa kutoka mbili kwa wiki hadi moja. Kinyume chake nacho kina madhara. Ukiwa na sherehe na ukaingia bila taarifa ukabeba mikate yote na trei zote za mayai, anayekuja nyuma yako anakosa, na mwenye duka anasoma kwamba mahitaji yamepanda. Anaagiza zaidi, na wiki inayofuata mikate inamwozea. Mjulishe idadi kabla hajaagiza, na mwambie waziwazi kwamba ni kwa mara hiyo moja.