Siku Moja Maishani Mwangu: Mpingo, Twiga na Hondohondo

Saa moja asubuhi nilikuwa tayari karakanani kwangu, Kijenge, Arusha, nikigeuzageuza gogo la mpingo lililoletwa jana. Kazi ya mchongaji huanza kwa kukagua: ufa umeingia hadi wapi, kiini cheusi kimeelekea upande gani, na ile sehemu nyeupe ya nje ina unene kiasi gani. Mpingo ni mzito hata huzama majini, na ukiukata kinyume cha nyuzi zake hupasuka.

Hadi saa tano nilichonga twiga wa oda ya duka la watalii. Kazi hiyo ndiyo inayolipa kodi ya pango.

Baadaye niliirejea sanamu yangu ya hondohondo, na kijana ninayemfundisha akauliza: “Fundi, kila ukimaliza oda unarudi kwa ndege huyu huyu. Hujamchoka?”

Swali lake lilistahili jibu refu, hivyo nilimweleza habari za mchongaji Constantin Brancusi, aliyezaliwa mwaka 1876 katika kijiji cha Hobița, Romania, akachunga kondoo utotoni, akasomea sanaa Craiova na Bucharest, kisha akafika Paris mwaka 1904. Mwaka 1907 aliingia katika karakana ya Auguste Rodin, mchongaji mashuhuri kuliko wote wa Ufaransa wakati huo, lakini hakukaa muda mrefu. Inasimuliwa kwamba alisema chini ya miti mikubwa hakuna kinachoota. Kwa Rodin, umbo lilifinyangwa kwa udongo, kisha mafundi wengine wakalinakili katika jiwe. Brancusi akaanza kulichonga jiwe mwenyewe moja kwa moja, kama wachongaji wetu wa Kimakonde wanavyoliendea gogo kwa tezo bila kutanguliza kielelezo cha udongo.

Kilichonigusa zaidi ni sanamu zake za ndege. Alianza na Maiastra, ndege wa hadithi za kwao, takriban mwaka 1910, akaendelea kumrudia kwa miongo mitatu: miguu ikatoweka, mdomo ukafifia, hata kufikia mwaka 1923 limebaki umbo jembamba linalopaa. Sanamu ya shaba ya ndege mmoja wa namna hiyo ilipofika New York mwaka 1926, maofisa wa forodha waliitoza ushuru wa asilimia 40 kama chombo cha metali cha kawaida, na ilibidi mahakama iamue, mwaka 1928, kwamba ni sanaa.

Hapo ndipo ninapotofautisha kurudia kwa aina mbili. Twiga wa oda nawachonga wakiwa sawasawa kwa sababu mnunuzi anataka wafanane; hondohondo namrudia ili asifanane na aliyetangulia. Ninaamini kwa dhati kwamba mchongaji hukua katika kurudia huku kwa pili, hata kama hakuna anayekulipia.

Baada ya makande ya saa saba, niliendelea na patasi, kisha tupa. Saa kumi niliamua kuliondoa jicho, kwa kuwa pembe iliyo juu ya mdomo ilitosha kumtambulisha ndege, na jicho lilikuwa linavuta macho ya mtazamaji mahali pasipostahili. Msasa utafuata wiki ijayo.

Jioni kijana aliomba kipande cha mpingo kilichobaki. Nilimpa, nikamwambia asichonge hondohondo. Akasema ataanza na mbuzi wa bibi yake wa Monduli, nami nikamwazima tezo ndogo.