Bado watu wawili, tuondoke

Jamaa wa Mombasa mlioniagiza niandike nikifika, haya, nimefika. Miaka 31 ya kuuza misumari na mabati imekwisha, niko kijijini kwetu Kutch, Gujarat, na vumbi lishaingia kwenye simu.

Treni ya Ahmedabad hadi Bhuj ilinishangaza. Ni ile ya Namo Bharat iliyoanza Septemba 2024: kilomita kama 360 kwa chini ya saa sita, na kiyoyozi cha kukufanya utafute shuka. Kisha nikashuka Bhuj, nikatumia saa mbili unusu kufika nyumbani. Si kwamba ni mbali.

Barabara ipo, tena ya lami. Nilipoondoka ilikuwa njia ya mikokoteni na ngamia, na mvua za Julai zikianza hupiti. Desemba 2000 serikali ya India ilianzisha mpango wa barabara za vijijini, PMGSY, ambao kipimo chake ni vichwa: kijiji cha tambarare kiwe na watu 500, cha milimani au jangwani 250 wanatosha. Idadi iliyotazamwa mwanzoni ilikuwa ya sensa ya 2001. Na sensa hiyo ilikuwa ya Februari, wakati sisi tetemeko lilitupiga tarehe 26 Januari, asubuhi ya Siku ya Jamhuri, watoto wakiwa kwenye gwaride. Waliokufa wanakaribia 20,000. Nani angepita kuhesabu, na angebisha mlango upi? Katika matokeo ya awali, idadi ya Kutch ikabidi ikadiriwe.

Basi, lami tumepata. Wa kuipita ndio hawapo.

Kuondoka hatukuanza jana, nisiwadanganye. Babu alipanda jahazi Mandvi, kaskazi ikamfikisha Mombasa, na mpaka anakufa, Delhi hakuwahi kuiona. Lakini wao waliacha wake, wazee na ng'ombe nyumbani. Siku hizi tunabeba wote, tunaacha kufuli. Jana jioni nilizihesabu nyumba za mtaa wetu nikiwa na kikombe cha chai: 14, zenye taa tano. Ya jirani ina marumaru mpaka barazani, na juu ya mlango wameandika Nairobi kwa herufi za Kigujarati. Mwenyewe huja Desemba, msimu wa harusi, ndipo magari ya kukodi hukosa pa kuegesha. Mjumbe mmoja wa panchayat, baraza la kijiji, amenichekesha. Sensa ijayo, anasema, watu watahesabiwa Februari 2027. Wangekuja Desemba wangetukuta mji, Februari watakuta vikongwe na tausi.

Na dereva naye huhesabu vichwa. Basi la serikali huingia asubuhi na jioni, likajazwa na wanafunzi. Mchana, ukiwa na mgonjwa wa kupeleka Bhuj, una chhakdo tu. Hamuijui: mbele pikipiki, nyuma bodi la chuma, magurudumu matatu, mlio wa mashine ya kusaga mahindi. Tuktuk ya Likoni mbele yake ni gari la arusi. Haina ratiba. Ikijaa inaondoka, na kwa kijiji cha taa tano kujaa ni kazi.

Siku niliyofika nilikaa juu ya sanduku langu nje ya stendi, jua la saa nane. Dereva kijana, mdomo umejaa sopari (popoo), akaniambia, "Kaka, bado watu wawili." (Huku kaka ni baba mdogo, msidhani ameniona kijana.) Nikamwambia nitalipia nafasi zote mbili, tuondoke. Akakataa. Yuko mama wa maziwa, akasema, anarudi kutoka sokoni na madebe matupu. Nikimwacha atalala mjini.

Nikarudi kukaa kwenye sanduku. Mama alikuja baada ya saa nzima, na mbuzi juu.