Anwani Iliyokuwa ya Mwingine

“Dada, tukishafungua mikatizo, CR2 bado inakuwa ya kwetu?”

Swali lenyewe ndilo hilo. Mikatizo ni miito ya vifaa inayoikatiza prosesa kazini, na CR2 ni rejista, kisanduku kidogo cha namba ndani ya prosesa. Aliniuliza binti yetu mpya, yule niliyewaambia mwezi uliopita kwamba maelezo anayoyaandika juu ya msimbo wake yanasomeka kuliko ya sisi wote. Aliniuliza mbele ya wenzetu wanne, kwenye kikao cha kupitia mabadiliko yangu, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kabla hajakosea. Nami nikamjibu macho yangu yakiwa bado kwenye skrini: “Kila mchakato unabeba rejista zake. Limo kwenye mwongozo.”

Akasema, “Sawa, dada.” Tukaendelea na kipengele kingine.

Hii ni wiki ya tatu na jibu hilo halijanitoka. Linanijia nikipiga mswaki, linanijia nikisubiri lifti. Wifi amejifungua salama mtoto wa kike, timu nzima imehamia ghorofa ya pili, mkuu wetu ametangaza kwamba mwisho wa mwezi anaondoka, na katikati ya yote hayo mimi nasikia “Sawa, dada.” Ile sawa ya mtu anayerudisha mlango taratibu ili asimwamshe aliyelala.

Mnaonisoma kwa ajili ya habari za nyumbani mnivumilie leo, maana bila kueleza kazi yenyewe hamtaona kwa nini neno dogo hivyo limenikaa.

Programu haishiki kumbukumbu halisi ya mashine. Inashika anwani za kudhaniwa, na prosesa ndiyo inayozitafsiri kwa kupitia jedwali la kurasa, kila ukurasa baiti 4096. Ikikuta ukurasa hauna tafsiri, au tafsiri ipo lakini hairuhusu kinachotakiwa, kwa mfano kuandika mahali pa kusoma tu, inaisimamisha amri ile hapo hapo na kuiita kerneli, kiini cha mfumo endeshi, kwa namba 14. Hiyo ndiyo hitilafu ya ukurasa. Kerneli inaachiwa vitu viwili vya kuamulia. Cha kwanza ni msimbo wa kosa, unaowekwa kwenye steki, eneo la kumbukumbu la kuwekea mambo ya muda: biti yake ya kwanza inasema kama ukurasa haukuwepo au ulikuwepo ukakatazwa, ya pili inasema kama ilikuwa kusoma au kuandika, ya tatu inasema kama aliyegusa ni programu ya kawaida au ni kerneli. Cha pili ni anwani iliyoguswa, nayo inakaa ndani ya ile CR2.

Neno hitilafu linaionea kazi hii. Sehemu kubwa ya hitilafu hizi si makosa ya mtu. Programu inaomba kumbukumbu nyingi, kerneli inakubali yote na haitoi hata ukurasa mmoja. Inatoa pale tu programu inapogusa, na inatoa ule ulioguswa. Mchakato, yaani programu inayokimbia, ukijizalia mwenzake kwa mwito wa fork, mzazi na mtoto wanatumia kurasa zilezile zikiwa zimefungwa zisiandikwe, na wa kwanza kuandika ndiye anayesababisha hitilafu, kerneli ikamtolea nakala yake. Kompyuta ya Atlas, kule Manchester, ilikuwa inaleta kurasa kutoka kwenye ngoma ya sumaku kwa mtindo huu mwaka 1962. Nina miaka minane kwenye kazi hii na bado moyo hunichangamka nikifika hatua ya mwisho: ukurasa ukishawekwa, amri iliyosimamishwa inarudiwa tangu mwanzo, na programu haijui kamwe kwamba ilisimama.

Sasa kosa langu.

Mlango wetu wa namba 14 unaingiwa mikatizo ikiwa imefungwa. Saa haiwezi kuita, kadi ya mtandao haiwezi kuita, mpaka tuifungue wenyewe. Mtakumbuka nilivyolalamika hapa juu ya ucheleweshaji. Basi niliichukua amri ya kufungua mikatizo nikaipandisha juu, mara tu baada ya kuhifadhi rejista za kawaida. Vipimo vikapendeza, nikafurahi. Kusoma CR2 kulibaki ndani ya msimbo wa lugha ya C unaofuata, amri chache tu chini yake. Nilipita juu ya mwanya huo mara nyingi nisiuone. Binti aliuona siku ya kwanza alipousoma, na alichokuwa anauliza ni hicho.

Mabadiliko yakaingia, michakato ikaanza kufa. Haikuwa mingi: mitatu katika siku kumi na moja, kwenye mashine ya majaribio, kila mara programu tofauti, kila mara usiku ambapo mzigo unapanda. Ripoti ileile: imegusa anwani isiyo yake, imepewa SIGSEGV, ishara ya kerneli kwa kosa hilo, imekufa. Ya kwanza nikamrudishia aliyeandika programu. Ya pili nikaishuku kumbukumbu ya mashine, tukaibadilisha. Ya tatu nikaichapa kwenye karatasi, nikakaa nayo na kalamu.

Amri iliyokufa ilikuwa nyepesi: soma baiti nane kutoka kwenye anwani iliyomo ndani ya RBX, moja ya rejista za kawaida. RBX ilikuwa na 0x55d1c0a3d010. CR2 kwenye ripoti ilikuwa na 0x7ffe2e41cff8. Nikazipigia mstari zote mbili. Amri inayosoma kwa RBX haina njia ya kugusa anwani nyingine. Halafu nikaangalia msimbo wa kosa: kusoma. Lakini anwani inayoishia na ff8 ina sura ninayoijua, ni baiti nane chini ya mpaka wa ukurasa, pale ambapo steki inayoshuka inaugusa ukurasa mpya kwa mara ya kwanza. Steki ikishuka hivyo inaandika. Msimbo wa kosa ulikuwa unazungumzia tukio moja na CR2 inazungumzia jingine.

Nikatafuta nani mwingine alikuwa anapokezana zamu kwenye kori ile, yaani sehemu ya prosesa inayoendesha programu moja kwa wakati. Kulikuwa na programu ya kubana mafaili, na steki yake ilikuwa papo hapo. Anwani ilikuwa ya kwake.

Ilikwenda hivi. Mchakato wa kwanza ulikosa ukurasa wake, tukaingia namba 14, tukafungua mikatizo. Ndani ya zile amri chache saa ikaita, na mpangaji zamu akampa kori mwenzake. Huyo mwenzake naye akagusa ukurasa ambao haupo, prosesa ikaandika anwani yake juu ya ile ya kwanza. Zamu iliporudi, rejista za kawaida zilirudishwa zote, kama nilivyosema kwa kujiamini mbele ya watu. CR2 haikurudishwa, kwa sababu hakuna aliyeihifadhi. Ni ya kori, si ya mchakato. Kerneli ikaisoma, ikaitafuta kwenye ramani ya mchakato wa kwanza, ikakuta hakuna eneo kama hilo, ikaua. Mchakato ukauawa kwa anwani ambayo haukuigusa, na msimbo uliouua ni wangu.

Tena kilichonikosesha usingizi si vile vifo vitatu, ni zile mara ambazo hakuna kilichokufa. Anwani ya mgeni ikiangukia mahali ambapo hata huyu wa kwanza ana eneo halali, kerneli inaleta ukurasa ambao hakuna aliyeuomba, inarudi, amri inarudiwa, inakosa tena, na safari hii CR2 inasomwa ikiwa sahihi. Hakuna ripoti. Hakuna alama popote. Kule kurudiwa kwa amri ninakokupenda ndiko kulikokuwa kunafuta nyayo.

Usiku ule nikafungua mwongozo wa Intel, watengenezaji wa prosesa, juzuu ya tatu, sehemu ya namba 14. Umeelekeza wazi kwamba CR2 ihifadhiwe kabla hitilafu ya pili haijapata nafasi ya kutokea. Limo kwenye mwongozo, nilimwambia. Ni kweli limo.

Marekebisho yalikuwa kuhamisha mstari mmoja: soma CR2 kwanza, fungua mikatizo baadaye. Kerneli ya Linux inafanya vivyo hivyo, inaanza na anwani kabla ya jambo lingine lolote. Nilimaliza kwa dakika moja, kisha nikakaa nusu saa nzima nikiandika ujumbe wa kumpelekea binti na kuufuta. Mwishowe nikaona haya si mambo ya kuandikiana. Ijumaa asubuhi nikamfuata kwenye dawati lake jipya, lile la dirishani.

“Swali lako la siku ile lilikuwa sahihi,” nikamwambia, “na jibu langu halikuwa sahihi. Naomba unisamehe. Na namna nilivyokujibu, hiyo pia nisamehe.”

Hakujibu upesi. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya daftari lake.

“Dada, nilikwenda nyumbani nikasoma msimbo wote wa kubadilisha zamu hadi usiku,” akasema. “Nilikuwa natafuta mahali CR2 inapohifadhiwa. Sikupaona. Nikasema basi, ni mimi sijajua kutafuta.”

Hapo ndipo nilipoishiwa maneno. Alikuwa na jibu mkononi, amelitafuta mwenyewe, mstari kwa mstari, halafu akaliweka chini kwa sababu mimi nilikuwa nimesema.

Nikamwekea ile karatasi mezani. Sikujua nifanye nini zaidi. Akaisoma polepole, akaweka kidole kwenye ff8, akacheka kidogo, akasema, “Kumbe ilijionyesha.” Nikavuta kiti. Tukaipitia pamoja tangu mwanzo, nami safari hii nikanyamaza, nikamwacha aongoze. Alipofika kwenye mstari niliouhamisha akasimama.

“Na ule mkatizo usiozimika je?”

Nilitaka kusema tayari tumemaliza. Nikaufunga mdomo, nikafikiri.

Upo mkatizo mmoja ambao kufunga mikatizo hakuuzuii. Unapita mlango ukiwa umefungwa. Sisi tunautumia kupima programu: unaingia ghafla, unachungulia steki ya programu inayokimbia, unaandika ilikuwa wapi, unaondoka. Na kuchungulia steki ya programu kunaweza kugusa ukurasa ambao haupo. Ukiingia kati ya hitilafu na kile kisomeo changu cha kwanza kabisa, CR2 inaandikwa juu vilevile. Mwanya umekuwa mwembamba, haujazibwa. Linux inajikinga kwa kuihifadhi CR2 inapoingia kwenye mkatizo huo na kuirudisha inapotoka ikiwa imebadilika. Tukafungua msimbo wetu tukitafuta mahali pa namna hiyo. Hapakuwepo. Hapajawahi kuwepo, hata kabla ya mabadiliko yangu.

Siwezi kuwaeleza furaha iliyonishika pale. Nilikuja kwenye dawati lile nikiwa mzito kama gunia la mawe, na kumbe nimekaa na mtu anayeona. Akaandika marekebisho mwenyewe, mistari sita, na maelezo yake juu, yale mazuri ya kawaida yake. Kisha tukatengeneza jaribio la kikatili: mkatizo usiozimika unaogusa kwa makusudi ukurasa ambao haupo, tena na tena, huku programu mbili zikigombania kori moja na kukosa kurasa bila kupumzika. Bila mistari yake, programu ya kwanza ilikufa kabla hatujakaa sawa kwenye viti. Tukaiweka mistari yake, tukaliacha jaribio likimbie usiku kucha. Jumamosi asubuhi zote mbili zilikuwa hai, na niliyepigiwa simu saa moja na nusu kuambiwa hivyo ni mimi.

Alishasoma pia juu ya FRED, utaratibu mpya wa Intel ambao Linux ilianza kuukubali mwaka 2024 katika toleo 6.9. Humo anwani inawekwa kwenye steki pamoja na msimbo wa kosa, kila tukio na yake, hakuna wa kumwandikia mwenzake juu. “Kwa hiyo na wao waliliona,” akasema. Nikamwambia ndiyo, waliliona.

Mabadiliko yameingia kwa jina lake. Jumatatu kuna kikao, na wale wanne watakuwepo. Walisikia jibu langu, kwa hiyo nitasema mbele yao swali lilikuwa nini na nani aliuliza. Nimeshamwomba ruhusa, maana hapendi kutajwa tajwa, akakubali baada ya kufikiri kidogo. “Sawa, dada,” akasema, na nikamwangalia usoni kuhakikisha.

Baba anakohoa tangu Jumapili. Anasema ni vumbi la makabati aliyokuwa anayahamisha. Nimempigia leo mara mbili, na mara zote mbili ameongea maneno machache kisha akampa mama simu.